Mtaa Salama ni Upi? Kusoma Namba za Uhalifu Viungani mwa London

Kila ifikapo Novemba, wanachama wetu wa mwaka wa kwanza huanza kuulizana swali moja: mwakani tutapanga wapi? Mabweni ya chuo ni ya mwaka mmoja kwa wengi wetu, na kodi za katikati ya London hazishikiki. Basi macho yote huelekea viungani: Barking, Croydon, Enfield, Ilford, Lewisham. Na kila mtaa ukitajwa kwenye simu, mzazi ana jibu tayari: "Huko si ndiko wanakochomana visu?" Husema hivyo hata kama hajawahi kushuka treni Croydon maishani mwake. Shangazi naye atatuma kipande cha video kwenye kundi la familia, na mjadala umekwisha.

Hatuandiki haya ili kuwacheka wazazi wetu. Wao ndio waliofika hapa na mabegi mawili, wakajifunza kwa macho na miguu yao njia ipi upite usiku na ipi uizunguke. Lakini sisi ndio tutakaolala kwenye nyumba hizo na kuzirudia saa tano za usiku tukitoka maktaba. Kwa hiyo tuliamua kuzisoma namba zenyewe badala ya kuzisikia zikisimuliwa. Tuliona kwamba namba hizo zina majibu, ila si kwa swali la "mtaa upi mbaya". Tuliona pia jambo ambalo hatukulitarajia: sehemu ya jibu imefichwa na watu wa jumuiya zetu wenyewe.

Madaftari mawili

Uingereza na Wales zina madaftari mawili ya uhalifu. La kwanza ni la polisi, lenye kila kosa lililoripotiwa kisha likasajiliwa. La pili ni utafiti mkubwa wa kitaifa ulioanza mwaka 1982. Watafiti huchagua nyumba kwa bahati nasibu, hubisha hodi, na kuwauliza watu wa miaka 16 na kuendelea ni mambo gani yamewapata katika miezi 12 iliyopita, wawe waliripoti polisi au hawakuripoti.

Kwa nini madaftari mawili? Kwa sababu la polisi linategemea mambo mawili: mwathirika afungue mdomo, na askari ashike kalamu. Yote mawili hushindikana. Mwaka 2014 wakaguzi wa polisi walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba asilimia 19 ya makosa yaliyoripotiwa hayakusajiliwa, yaani zaidi ya makosa 800,000 kwa mwaka. Kwa makosa ya ukatili, sehemu iliyopotea ilifika asilimia 33. Mwaka huohuo takwimu za uhalifu za polisi zilinyang'anywa hadhi ya kuwa takwimu rasmi za kitaifa zinazoaminika. Tangu hapo usajili umeboreshwa, na hapo pana mtego kwa msomaji: idadi ikipanda huenda wahalifu wameongezeka, na huenda askari wameanza kuandika walichokuwa wakikiacha.

Utafiti wa majumbani hutoa picha tofauti na ile ya video za shangazi. Kwa hesabu zake, uhalifu ulifika kileleni mwaka 1995, ukakaribia matukio milioni 20. Ukiacha ulaghai, ambao ulianza kuhesabiwa humo baadaye, miaka ya karibuni idadi imekuwa karibu milioni 5. Mojawapo ya sababu ni ya kawaida kabisa: vitasa vya milango na madirisha vimekuwa imara, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 magari mapya yamelazimika kuwa na kifaa cha kuzuia injini isiwake bila ufunguo wake. Mwizi aliyezoea kuondoka na gari kwa bisibisi alikosa kazi. Siku hizi amerudi na vifaa vya kunasa mawimbi ya funguo za rimoti, lakini idadi bado haijafika ile ya wakati ambapo wazazi wetu walikuwa ndio kwanza wanawasili.

Utafiti huu nao una upofu wake, na unatuhusu sisi moja kwa moja. Hufanyika kwenye nyumba za kaya tu. Watu wa magereza, wa nyumba za wazee na wa mabweni ya wanafunzi hawamo. Mwenzetu akiibiwa kompyuta bwenini na asiripoti, hamo katika daftari lolote kati ya hayo mawili.

Ramani yenye vidoti

Tangu mwaka 2011 polisi wa Uingereza na Wales wana ramani ya mtandaoni inayoonyesha matukio ya kila mwezi mtaa kwa mtaa. Unaandika postikodi ya nyumba unayoitaka, na vidoti vinajaa kwenye kioo. Wengi wetu huishia hapo: vidoti vingi, tunakimbia, vidoti vichache, tunamtumia dalali ujumbe kwamba tumeipenda.

Kabla ya kukimbia, tuelewe kidoti ni nini. Kwanza, hakikai pale tukio lilipotokea. Ili kulinda siri ya waathirika, kila tukio husogezwa hadi kwenye sehemu ya jirani iliyopangwa tangu awali, mara nyingi katikati ya barabara, na eneo linalozunguka sehemu hiyo huwa na anwani zisizopungua nane, au halina anwani kabisa. Ndiyo maana ramani husema "kwenye au karibu na" barabara fulani. Kidoti kilicho mbele ya nyumba yako kinaweza kuwa cha ugomvi wa upande wa pili wa mtaa.

Pili, vidoti havilingani uzito. Ramani huchanganya wizi wa kuvunja nyumba, unyang'anyi, dawa za kulevya, wizi wa baiskeli, wizi wa madukani na fujo za mitaani. Hizo fujo za mitaani nyingi si kosa la jinai. Ni makelele ya usiku, vijana waliokaa ngazini, pikipiki zinazonguruma. Ni kero, na kero inachosha, lakini huwezi kuihesabu sawa na mtu aliyetishiwa kwa kisu.

Tatu, vidoti hupenda vituo vya treni, maegesho na maduka makubwa. Palipo na watu wengi pana mifuko mingi.

Kugawanya kwa nini?

Hapa ndipo tulipomkumbuka mwalimu wa hisabati. Kiwango cha uhalifu ni sehemu: juu pana makosa, chini pana watu, na kwa kawaida huandikwa kuwa makosa kwa kila wakazi 1,000. Tatizo liko chini ya mstari. Ni watu gani hao?

Angalia City of London, ile maili moja ya mabenki. Sensa ya mwaka 2021 ilikuta wakazi wapatao 8,600 tu, ilhali zaidi ya watu laki tano hufanya kazi humo. Ukigawanya makosa yote kwa wakazi wake, utadhani ni mahali pa kutisha kuliko pote nchini. Mwizi aliyechomoa simu ya mfanyakazi kutoka Kent amehesabiwa kwa mkazi ambaye wakati huo yuko nyumbani anakunywa chai.

Viungani mambo ni hayohayo kwa udogo wake. Tuchukue mfano wa kutunga. Mtaa wa kwanza una wakazi 20,000 na makosa 1,600 kwa mwaka: hayo ni 80 kwa kila wakazi 1,000. Mtaa wa pili una wakazi 5,000 na makosa 600, yaani 120. Mama ataukataa wa pili papo hapo. Lakini katika mtaa wa pili pana kituo cha treni na jengo la maduka, na makosa 400 kati ya yale 600 ni wizi wa madukani na wa simu hapohapo. Yatoe hayo, na kinachobaki ni makosa 200, yaani 40 kwa kila wakazi 1,000. Kwa mtu anayetaka kulala salama, mtaa wa pili unaweza kuwa bora. Kwa mtu anayepita kituoni kila siku akiwa na simu mkononi, hapana. Namba ni ileile. Swali ndilo limebadilika.

Na jihadharini na asilimia za mitaa midogo. Nyumba mbili zikivunjwa mwaka jana na nne mwaka huu, gazeti la mtaa linaweza kuandika bila kusema uongo kwamba wizi umepanda kwa asilimia 100. Angalia miezi 12 hadi 36, usiangalie mwezi mmoja.

Hofu na hatari

Turudi kwenye visu, maana hatutaki kuwaambia wazazi kwamba hofu yao ni hewa. Mwaka 2021 vijana 30 wenye umri wa miaka 13 hadi 19 waliuawa London, idadi kubwa kuliko ya mwaka wowote wa nyuma uliomo kwenye rekodi. Kila mmoja alikuwa na mama. Mitaa yao mingi ni hiyohiyo ambako ndugu zetu wadogo wanasoma sekondari. Kwa upande mwingine, jumla ya mauaji yote ya London katika miaka ya 2022 hadi 2024 ilikuwa kama 110 kwa mwaka, katika jiji lenye watu karibu milioni 9. Hiyo ni takribani mtu mmoja na kitu kwa kila watu laki moja. Miji mingi mikubwa ya dunia ingetamani namba hiyo.

Mambo haya mawili ni kweli kwa pamoja. Hatari ya kisu ni ndogo kwa jiji zima, na ni kubwa kwa kundi dogo la vijana wa kiume katika maeneo machache, mara nyingi vijana weusi. Kuusema upande mmoja na kuuacha wa pili ni kudanganya.

Lakini kuna hatari nyingine ambazo hazimo kwenye video za familia. Ulaghai sasa ni takribani tukio 4 kati ya kila 10 katika utafiti wa kitaifa. Mlaghai hana haja ya kufika mtaani kwako. Anapiga simu akijidai ni benki, ofisi ya kodi au mwenye nyumba asiyekuwapo nchini anayetaka amana kabla hujaiona nyumba. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hasa waliotoka ng'ambo, ndio windo lake. Usitume hata pauni moja kwa nyumba ambayo wewe au mtu unayemwamini hajaingia ndani yake.

Na kuna hatari iliyo ndani ya nyumba yenyewe. Watu wazima zaidi ya milioni 2 Uingereza na Wales hupatwa na ukatili wa mwenzi au wa mtu wa familia kila mwaka. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Tunauogopa mtaa wa watu wengine, na hatusemi kitu juu ya mlango uliofungwa katika mtaa wetu.

Mitaa iliyonyamaza

Hapa ndipo namba zilipotuelekeza kwetu. Tulizungumza na wazee, akina mama na vijana wa jumuiya zetu za Waswahili, na swali letu lilikuwa moja tu: mara ya mwisho ulipoibiwa au kutukanwa barabarani, uliripoti? Majibu yalifanana. "Ili iweje?" "Kiingereza changu hawakielewi." "Sitaki maneno na polisi." Khalati mmoja aliyenyang'anywa mkoba mbele ya mlango wake alisema alishukuru Mungu ni mkoba tu, akabadili vitasa, na hakumwambia mtu yeyote isipokuwa dada yake. Kwenye ramani, barabara yake ni safi.

Sababu za kunyamaza si za kipuuzi. Tarehe 22 Aprili 1993, Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18, aliuawa kwa kisu na wabaguzi akisubiri basi Eltham, kiunga cha kusini-mashariki mwa London. Uchunguzi wa polisi uliboronga, na ripoti ya Macpherson ya mwaka 1999 ikasema wazi kwamba ndani ya polisi wa London mlikuwa na ubaguzi wa kitaasisi. Wawili kati ya wauaji walitiwa hatiani mwaka 2012, karibu miaka 19 baadaye. Familia nyingi zenye vijana wa kiume weusi hazihitaji kusimuliwa habari hii.

Kuna pia hofu ya makaratasi. Mwaka 2018 mashirika ya Liberty na Southall Black Sisters yaliwasilisha malalamiko rasmi juu ya polisi kupeleka Home Office taarifa za waathirika wasio na vibali. Mwaka 2020 wakaguzi walikubali kwamba jambo hilo linawadhuru waathirika wa ukatili majumbani na wakapendekeza likomeshwe kwa waathirika hao. Mama anayesubiri majibu ya viza anajua hayo bila kusoma ripoti.

Lakini ukimya nao una gharama. Idara za polisi na halmashauri hutumia taarifa zilizosajiliwa katika kuamua doria ipite wapi, taa ziwekwe wapi na kamera zifungwe wapi. Mtaa usioripoti unaonekana salama, na mtaa unaoonekana salama haupewi kitu. Bima nayo haikulipi bila namba ya tukio kutoka polisi.

Tukumbuke yaliyowapata Wabarawa. Hawa ni watu wa mji wa Barawa, pwani ya Somalia, wenye Chimwiini, lahaja ya Kiswahili iliyo kaskazini kuliko zote. Vita vya Somalia viliwaleta wengi wao kaskazini mwa London. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Juni 2013, wiki mbili baada ya mwanajeshi Lee Rigby kuuawa Woolwich, kituo chao cha Muswell Hill kiliteketea kwa moto, na juu ya ukuta zikakutwa herufi za kundi la siasa kali. Muswell Hill ni kiunga tulivu chenye miti na maduka ya keki. Utulivu wa wote haukuwa utulivu wao. Lakini tukio lile halikunyamaziwa: lilitangazwa na majirani wakajitokeza. Mwaka uleule sinagogi la Finchley Reform liliwafungulia milango yake ili Wabarawa wapate pa kusali na kufuturu katika Ramadhani.

Kabla ya kusaini

Kutokana na yote hayo, haya ndiyo tunayowashauri wenzetu.

Soma ramani kwa aina ya kosa, si kwa wingi wa vidoti. Kwa nyumba, angalia wizi wa kuvunja. Kwa njia ya kutoka kituoni, angalia unyang'anyi na wizi wa mwilini. Soma mwaka mzima.

Uone mtaa mara mbili, mchana na usiku. Tembea kutoka kituoni hadi mlangoni saa utakayokuwa ukirudi. Hesabu taa zinazowaka, na madirisha yanayotazama barabara.

Kagua mlango. Je, kitasa kinafungwa kwa ufunguo kutoka ndani? Madirisha ya chini yana komeo? Nyumba ya wanafunzi watano ina kompyuta tano chini ya paa moja na hubaki tupu wakati wa Krismasi, na mwizi anajua kalenda ya chuo kuliko sisi. Mwombe mwenye nyumba arekebishe vitasa kabla ya kusaini, na akubali kwa maandishi.

Bonyeza *#06# kwenye simu yako sasa hivi, uandike namba itakayotokea mahali pengine. Simu ikiibwa, namba hiyo ndiyo inayoiwezesha kampuni ya simu kuifunga.

Zifahamu namba. 999 ni kwa hatari ya sasa hivi. Ukiwa na simu ya mkononi na huwezi kusema, sikiliza maelekezo, kisha bonyeza 55. 101 ni kwa yaliyokwisha kutokea. Crimestoppers, 0800 555 111, hawakuulizi jina. Matukio ya chuki huripotiwa pia kupitia tovuti ya True Vision. Na mwathirika ana haki ya kuelewa na kueleweka, maana yake mkalimani, na Kiswahili kimo. Tukijitolea kukaa na mama au khalati wakati anapiga 101, kazi yetu ya darasani itakuwa imepata matumizi.

La mwisho ni majirani. Mpango wa Neighbourhood Watch wa Uingereza ulianza mwaka 1982 katika kijiji cha Mollington, Cheshire, lakini wazo lenyewe si geni kwetu. Waliokulia Tanzania wanamjua balozi wa nyumba kumi, na Kenya ilizindua mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013. Wazee wetu walijua nani amesafiri, mtoto wa nani anapita na gari la nani limesimama mahali pasipo pake. Viungani mwa London mtu anaweza kuishi miaka mitatu bila kujua jina la aliye ukuta wa pili. Ukihamia, gonga mlango wa kulia na wa kushoto, sema jina lako, achia namba yako. Ukiweza, peleka mahamri. Hakuna ramani itakayokuonyesha kama jirani huyo atachungulia dirishani siku utakapopiga kelele, ila wewe utakuwa unajua.